Mbwa Atulie kwa Neno Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili: wenye mbwa asiyeweza kukaa kitako dakika mbili, na wenye mbwa anayejua amri zote lakini nyumbani hapakaliki. Kama una haraka, nenda moja kwa moja kwenye swali la siku ya kwanza, ila usiruke lile la dalili.

Mbwa wangu anajua "lala" na "baki hapo". Si ndiko kutulia kwenyewe?

Hapana, ingawa kwa macho vinafanana. "Lala" ni mkao. Mbwa anaweza kulala kifudifudi, viwiko chini, huku misuli ya mapaja imekaza na macho yamemganda paka aliye dirishani. Ukimwachia tu, anafyatuka. Ametii, lakini hajatulia. Kutulia ni hali ya mwili mzima: mapigo ya moyo yameshuka, pumzi imekuwa ndefu, misuli imelegea.

Mkao unaweza kuuamrisha. Hali huwezi. Unaiwekea mazingira mpaka ije yenyewe, unailipa, kisha unaipa neno. Wengi wanaokwama katika mafunzo haya hukwamia hapa: wananunua mkao, na mbwa anawauzia mkao.

Nitajuaje kwamba ametulia kweli, si kwamba anajizuia tu?

Mtazame kuanzia nyuma kwenda mbele. Mbwa aliye tayari kuruka huikunja miguu ya nyuma sawasawa chini yake, mmoja huku na mmoja huku. Aliyetulia huiangusha nyonga upande mmoja, na miguu yote miwili ya nyuma ikatokeza upande huo. Mkia umelala tu; haujabanwa wala haupigi sakafu. Kidevu kimeshuka chini au kimewekwa juu ya mguu wa mbele. Masikio yamelegea na hayageuki kufuata kila mlio. Kope ni nzito, macho yanapepesa polepole. Halafu sikiliza: mara nyingi hutoka pumzi moja ndefu puani, ile ambayo mtu huitoa akitua mzigo.

Zipo pia dalili zinazodanganya. Kupiga miayo bila usingizi, kujiramba midomo pasipo chakula, kugeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, kutweta wakati hakuna joto: huyo ni mbwa aliyebanwa. Miayo ndiyo huwapoteza watu zaidi. Akianza kupiga miayo katikati ya somo, wengi hufurahi kwamba usingizi umekuja, kumbe anasema somo limekuwa gumu au limerefuka mno.

Ukitaka kipimo cha uhakika zaidi, hesabu pumzi. Ubavu kupanda na kushuka mara moja ni pumzi moja. Mbwa mzima mwenye afya akiwa usingizini kwa kawaida hupumua chini ya mara 30 kwa dakika. Mhesabu mara kadhaa akiwa amelala fofofo, upate kiwango chake mwenyewe cha kulinganisha. Zoezi hilo lina faida nyingine: siku pumzi ikipanda bila sababu akiwa amelala, utagundua mapema na kumwona daktari.

Neno tupu linawezaje kumshusha mnyama mapigo ya moyo?

Kwa njia ile ile iliyowafanya mbwa wa Ivan Pavlov watoe mate. Mwanasayansi huyo wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula, alionyesha kwamba mbwa huanza kudondosha mate kabla chakula hakijafika, mradi kuna kitu ambacho kila mara hutangulia chakula hicho. Hakuna mbwa anayeamua kutoa mate. Mwili wake umepokea taarifa ya kinachokuja, ukaanza kujiandaa.

Utulivu nao uko hivyo. Neno likitangulia hali hiyo mara nyingi, mwili hulipokea kama taarifa na kuanza kulegea mapema. Kwa hiyo mpangilio si jambo dogo: neno kwanza, utulivu nyuma yake. Na utaratibu huo huo hufanya kazi kinyume. Neno linalotamkwa kila mara muda mfupi kabla ya fujo, au katikati yake, hugeuka kuwa taarifa ya fujo.

Nahitaji vifaa gani?

Mkeka au blanketi dogo linalobebeka, kamba, na chakula. Mbwa mkubwa au mzee mtafutie kitu kinene, viwiko visimuume. Chakula kiwe kile anachokula kila siku, ukipunguze kwenye sehemu yake ya siku ili asinenepe kwa masomo. Ukiongeza vya kwako, kumbuka kwamba chokoleti, zabibu (mbichi na kavu), vitunguu na chochote kilichotiwa sukari mbadala iitwayo zailitoli ni sumu kwa mbwa. Zailitoli hupatikana hata katika baadhi ya siagi za karanga, basi soma kibandiko kwanza.

Siku ya kwanza nifanye nini hasa?

Chagua saa ambayo angesinzia hata bila wewe: ameshakula, ameshatoka haja, nyumba imepoa. Tandika mkeka. Keti karibu nao, sakafuni kama magoti yanakubali, la sivyo kwenye kiti. Mfunge kamba na uikalie au uikanyage, ikiwa na urefu wa kumwezesha kusimama na kulala lakini si kuzurura chumba kizima. Kisha nyamaza.

Ukimya huu ndio sehemu ngumu, na ni ngumu kwako kuliko kwake. Atakutazama. Atakugonga kwa pua, atakaa, atakupa mguu, atatoa kila alichowahi kulipwa. Usijibu. Usimtumbulie macho, maana macho ya mtu kwa mbwa aliyezoea mafunzo ni swali linalosubiri jibu. Shika kitabu, angalia pembeni. Mapema au baadaye atachoka kuuza na kujilaza.

Hapo usifanye sherehe. Shusha mkono taratibu, weka punje moja ya chakula mkekani katikati ya miguu yake ya mbele, karibu na kifua, urudishe mkono. Mahali punje inapotua ni sehemu ya somo lenyewe. Ikitua chini na karibu, kichwa hushuka. Ikitoka juu, mkononi mwako, kichwa kitapanda, kifua kitafuata, na baada ya sekunde moja utakuwa na mbwa aliyesimama.

Subiri tena, na sasa uwe mteuzi. Kulala pekee hakutoshi. Nyonga ikianguka upande, lipa. Sikio likilegea, lipa. Kidevu kikigusa mkeka, lipa. Ile pumzi ndefu ikitoka, lipa mara mbili. Hulipi kwa vipindi vya saa. Unalipa kila mwili unapopiga hatua kuelekea chini. Akisimama, usimkaripie wala usimrudishe kwa mkono. Chakula kimekoma, basi. Akijilaza tena, kaa kidogo kabla ya kulipa, la sivyo atajifunza mchezo wa kusimama, kulala na kula, na mbwa werevu huugundua mchezo huo ndani ya somo moja.

Dakika tano hadi kumi zinatosha. Maliza yeye akiwa bado amelegea: sema "haya", inuka, kunja mkeka uuweke. Siku za mwanzo usiuache sakafuni. Ukitandikwa kazi ipo, ukikunjwa kazi imekwisha, na tofauti hiyo ataishika upesi.

Chakula hakitamchangamsha badala ya kumtuliza?

Kwa baadhi ya mbwa, ndiyo. Dawa yake ni kushusha thamani ya chakula na kushusha mwendo wako. Tumia punje kavu badala ya nyama, sogeza mkono kama usiye na haraka, na sifa ziwe chache kwa sauti ya chini. Kama umezoea kumfundisha kwa kibonyezo chenye mlio, katika somo hili kiache kabatini. Mlio ule kwake una maana ya "endelea, fanya kingine", nawe hutaki afanye kingine.

Mbwa ambaye hata punje kavu inamtoa roho anaweza kuanza na kitu cha kuramba au kutafuna akiwa mkekani. Kuramba, kutafuna na kunusa huwashusha mbwa wengi. Anapomaliza na kubaki amelala, hapo ndipo somo linapoanza.

Neno niliingize lini, na nichague lipi?

Si siku ya kwanza. Subiri hadi akiona mkeka anajilaza mwenyewe na nyonga inaanguka mapema, na hali hiyo imejirudia katika masomo kadhaa mfululizo. Kisha anza kulitamka mara moja, kwa sauti ya chini na ya kuvuta, pale viwiko vinapoanza kukunjwa. Baadaye litamke akiwa bado amesimama pembeni ya mkeka. Mara moja tu. Ukilirudia mara nne, umemfundisha kwamba matatu ya kwanza hayana maana.

Kuhusu neno lenyewe, epuka lile unalolitumia ukiwa umekasirika. Watu wengi humpigia mbwa kelele "tulia!" mara nyingi kwa siku, na kwake neno hilo limeshakuwa habari ya mtu mwenye hasira. Chukua "pumzika", au neno lolote la nyumbani ambalo halijawahi kurushwa kwa ukali.

Mimi hupendelea neno liandamane na kitendo: mwenye mbwa avute pumzi ndefu na kushusha mabega wakati analitamka. Mbwa husoma mwili wa mtu haraka kuliko anavyosikiliza maneno yake. Na kuna faida ya pembeni, kwamba ni vigumu kumkaripia mtu au mnyama huku unashusha mabega.

Wangu hata mkekani hakai. Nimeshindwa kabla ya kuanza?

Weka mkeka pembeni kwa wiki moja au mbili na ufanye kazi ya kuvizia. Weka punje kidogo mfukoni au kwenye bakuli za vyumba tofauti, mbali na pua yake. Kila unapomkuta amejilaza mwenyewe bila kuambiwa, pita, weka punje moja karibu na mdomo wake, endelea na safari yako. Usiseme kitu, usimpapase. Akiinuka kukufuata, hupati hasara. Mwache, atalala tena.

Mbwa wengi huangaliwa wanapoharibu tu. Akibweka anatazamwa, akiiba kiatu anakimbizwa, akilala kimya anasahauliwa. Baada ya miezi ya malezi hayo, si ajabu kelele ndizo zinazomletea riziki. Kuvizia utulivu hugeuza hesabu hiyo, na kwa nyumba zenye shughuli nyingi naona ndiko kunakofaa kuanzia, mbwa awe mtulivu au mtukutu.

Nikitaka kuongeza ugumu, naanzia wapi?

Kuna mambo matatu ya kuongeza: muda anaobaki ametulia, umbali kati yenu, na vishawishi vinavyomzunguka. Ongeza kimoja, na unapokiongeza vingine virudishe chini. Mbwa anayetulia dakika kumi ukiwa pembeni yake bado ni mgeni wa kutulia sekunde kumi ukiwa mlangoni.

Daktari wa mifugo wa Marekani Karen Overall, bingwa wa tabia za wanyama, alitunga mpango wa kulegeza mwili wenye hatua 15 zinazoitwa siku, na wakufunzi wengi bado wanautumia. Mwenye mbwa anasubiri sekunde tano, halafu kumi. Anapiga hatua moja nyuma na kurudi. Anapiga makofi taratibu. Anakimbia bila kusogea. Siku za mbele anatoweka machoni, anagonga mlango, anabonyeza kengele. Ukiusoma kwa mara ya kwanza unaonekana kichekesho, mtu mzima kurukaruka mbele ya mbwa wake. Nguvu yake iko katika udogo wa kila hatua. Lakini kuitwa "siku" kusikuharakishe. Mbwa anayeshindwa hatua ya nne anabaki hatua ya nne, au anarudi ya tatu, hata ikichukua wiki.

Jihadhari na jambo moja: ukifuata orodha kwa kutazama saa tu, bila kutazama nyonga na pumzi, utajikuta umefundisha "baki hapo" ndefu sana.

Wageni wakibisha hodi, anapasua nyumba. Nitumie neno?

Si sasa. Wakati anabweka mlangoni, neno lako changa halina nafasi. Ukilitumia hapo mara kadhaa utaliua, kwa sababu zilizoelezwa juu.

Kwanza tenganisha kubisha hodi na kuja kwa mgeni. Mbwa akiwa mkekani, amelegea, gonga meza kwa kidole kimoja, taratibu kiasi kwamba sikio moja tu linageuka. Sikio likirudi, weka punje. Rudia mpaka sikio lisijisumbue. Kisha gonga kwa nguvu kidogo, kisha gonga ubao wa mlango kwa ndani, kisha mtu wa nyumbani atoke nje agonge. Kama kuna kengele, irekodi kwenye simu na uanze kwa sauti ndogo kabisa. Kipimo chako ni kile kile: kichwa kikiinuka na kushuka chenyewe ndani ya sekunde chache, uko mahali sahihi. Kikiinuka na kifua kikafuata, umeruka ngazi.

Baada ya hapo ndipo unamleta mgeni wa mazoezi, mtu mwenye subira ambaye yuko tayari kuingia, kuketi, na kumpuuza mbwa kabisa. Mgeni wa aina hiyo ni adimu kuliko unavyodhani. Wengi husema "hana neno, mimi napenda mbwa" na kuanza kumchezea pale pale, na kazi ya wiki inakwenda na maji. Mpaka utakapompata, wageni halisi wanapokuja mweke mbwa chumba kingine na kitu cha kutafuna. Kila mara anapofanikiwa kupasua nyumba anajifunza kupasua nyumba vizuri zaidi, kwa hiyo mzuie asipate mazoezi hayo.

Nyumbani ni malaika, nje kama hajawahi kusikia neno hilo. Ni ukaidi?

Si ukaidi. Mbwa hujifunza jambo pamoja na mahali alipojifunzia: chumba kile, harufu zile, wewe ukiwa umeketi. Mahali papya ni somo jipya. Ndiyo sababu mkeka unabebeka. Upeleke chumba kingine, kisha mlangoni, kisha nje mahali tulivu, na kila pahali anza karibu na mwanzo. Ngazi zitapandwa haraka zaidi kila unapohama.

Mkifika mahali papya, mpe kwanza dakika kadhaa za kunusa. Kumlaza mkekani kabla hajajua yuko wapi ni kumwomba asinzie akiwa na hofu. Na akikataa chakula anachokipenda nyumbani, hiyo ni taarifa: kelele au watu wako karibu mno. Sogea mbali mpaka ale tena.

Si bora nimchoshe kwa mbio kwanza?

Mbwa anahitaji kutembea, hilo halina mjadala. Lakini kurusha mpira saa nzima kila siku ili alale kunaleta mbwa mwenye mapafu ya mwanariadha na hamu ya mpira isiyokwisha. Mchezo wa kasi hupandisha homoni za msisimko, na hizo hazishuki papo hapo mpira unapowekwa kabatini. Matembezi ya kunusa, kamba ikiwa ndefu na wewe ukimfuata yeye, humchosha kwa namna inayofaa zaidi kazi hii.

Pia chunguza usingizi. Mbwa mzima hulala na kusinzia takribani saa 12 hadi 14 kwa siku, na mtoto wa mbwa anaweza kufika 18 hadi 20. Mtoto wa mbwa anayeng'ata suruali na kukimbia huku na huko jioni mara nyingi amechoka, na tiba yake ni chumba chenye giza kidogo na kimya.

Nikimkemea au kumlaza chini kwa nguvu, hatatulia haraka zaidi?

Ataganda. Mbwa aliyebanwa sakafuni hadi akaacha kupambana anaonekana mtulivu kwa asiyejua kusoma nyonga na macho. Kumbe moyo unakwenda mbio. Tena baadhi hawagandi, wanang'ata, na uso wako uko karibu.

Desturi hii ilitokana na dhana kwamba mwenye mbwa lazima awe "dume la kundi", iliyojengwa juu ya mbwa mwitu (kwa Kiingereza "wolf") wasio wa familia moja waliofungiwa pamoja, kama wale aliowaeleza mtafiti Rudolf Schenkel mwaka 1947. Mwaka 1999 mtafiti David Mech, ambaye mwanzoni aliisambaza dhana hiyo, aliandika kwamba kundi la mbwa mwitu porini kwa kawaida ni wazazi na watoto wao tu. Hakuna ubabe wa kuiga pale.

Na usimwadhibu kwa kunguruma. Mbwa aliyenyang'anywa onyo hung'ata bila onyo.

Naweza kumpapasa badala ya kumpa chakula?

Kama anapenda, ndiyo, na kwa baadhi hufanya kazi kuliko chakula. Pitisha mkono polepole kutoka shingoni kuelekea mgongoni, au paka kifua kwa vidole. Usimpigepige kichwani. Kila baada ya sekunde tatu hivi ondoa mkono uone. Akiegemea au akikufuata kwa kichwa, endelea. Akibaki kama alivyo, akijiramba au akigeuza uso, amekujibu.

Ngurumo za radi na fataki humtia hofu kubwa. Nikimbembeleza si nitaikuza hofu?

Huwezi kuilipa hofu ikawa kubwa kama unavyolipa kukaa kitako. Hofu si kitendo anachochagua. Mkumbatie kama anataka, mpe pa kujificha, funga madirisha, washa sauti nyingine ya kufunika kelele. Kama kelele ni ndogo na bado anakula, neno lako linaweza kusaidia. Akishaanza kutetemeka, kutweta na kutafuta pa kuchimba, liweke akiba. Ulifundishe siku za kimya, na hofu yenyewe umweleze daktari, kwa sababu zipo dawa zinazosaidia na si lazima ateseke kila msimu.

Analia na kukwaruza mlango nikimwacha peke yake. Neno hili litatosha?

Halitatosha. Kutulia ukiwepo na kutulia ukiwa hupo ni mambo mawili, na mbwa mwenye hofu ya kuachwa anahitaji mpango wake: kuondoka kwa sekunde chache zisizomshtua, kurudi, kuongeza kidogokidogo. Mazoezi ya mkeka ni msingi mzuri wa kuanzia. Nchini Marekani dawa mbili, klomipramini na fluoksetini, zimeidhinishwa kwa mbwa wa aina hii zikitumika pamoja na mafunzo. Ni daktari wa mifugo anayeziandika. Dawa za watu zilizo kabatini kwako usimpe.

Ni lini nimwone daktari kabla ya kuendelea na mafunzo?

Kama tabia yake imebadilika ghafla. Kama anajilaza na kuinuka tena na tena akitafuta upande usiouma. Kama anajikuna au kuramba miguu bila kikomo. Kama halali vizuri usiku. Mbwa mwenye maumivu ya viungo au muwasho hawezi kulegeza mwili kwa neno lolote, na kuendelea kumfundisha ni kumdai asicho nacho.

Itachukua muda gani?

Mbwa wa kawaida katika chumba tulivu huanza kuonyesha mwelekeo ndani ya wiki chache za masomo mafupi ya kila siku. Mlangoni, wageni wakiingia, hesabu miezi. Mzee naye hujifunza, na somo hili mara nyingi humfaa, kwa kuwa tayari anapenda kulala.

Nyumbani tuko wengi. Kila mtu afundishe?

Aanze mmoja. Neno likishashika, wengine walipokee, kila mmoja akianza kutoka ngazi ya chini. Wakubaliane neno ni lipi, linatamkwa mara moja, na halitumiki kumfukuza mbwa jikoni. Watoto wanaweza kuweka punje mkekani mtu mzima akiwepo, na wafundishwe mapema kwamba mbwa aliye mkekani haguswi wala harukwi.

Lilikuwa linafanya kazi, sasa ananitazama tu. Nini kimeharibika?

Mara nyingi limetumiwa sana penye shida na kidogo penye amani. Kila ukilitamka kwenye kelele unatoa, kila ukilitamka kwenye utulivu unaweka, na akiba imeisha. Acha kulitumia kwenye shida kwa muda, rudi kwenye mkeka saa za jioni, uliambatanishe tena na nyonga inayoanguka. Likirejea, jipangie kwamba mazoezi ya amani yawe mengi kuliko matumizi ya dharura. Lisiporejea baada ya majuma kadhaa, chagua neno jipya uanze nalo upya. Mbwa hatakumbuka kukulaumu, na safari hii njia ameshaijua.